Jinsi ya kujifunza gitaa kwa nyimbo za wengine: mwongozo kamili kwa wapigaji wa Nyanda za Juu Kusini

Wapigaji wengi wa gitaa wa Mbeya na Iringa wana ugonjwa mmoja: wanajua mwanzo wa nyimbo thelathini, na hawajui wimbo hata mmoja hadi mwisho. Ukimwambia "hebu piga, kaka," anakuchomolea kionjo cha sekunde kumi, anacheka, anahamia kingine. Vionjo hivyo ni vitamu, sikatai. Ila havimfundishi mtu kubadili kodi (sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) bila kuangalia mkono, wala kushika mwendo dakika tano nzima huku waimbaji wanataka kukimbia. Kinachofundisha ni wimbo mzima wa mtu aliyekuzidi, ukiuchukua gitaa moja baada ya jingine mpaka isibaki sehemu unayoipita kwa kubahatisha.

Huko kunaitwa kukopi, na si aibu. Bendi nyingi za dansi zilianza kwa kupiga nyimbo za bendi kubwa ukumbini kabla ya kuthubutu kutunga zao. Wakati huo mtu alikaa na redio ya kanda, anarudisha nyuma, anasikiliza, anarudisha tena, mpaka utepe unaanza kusaga. Wewe una simu. Kazi ya sikio lakini ni ile ile.

Na huku kwetu tuna mtaji ambao watu hawauhesabu: kwaya. Walutheri wa Iringa na Njombe, Wamoraviani wa Mbeya na Rungwe, Wakatoliki kila mahali, wote wamelea watu wanaosoma solfa, yaani do-re-mi-fa-so-la-ti. Kama umewahi kusimama sauti ya tatu au ya nne ukaimba do-mi-so kutoka ubaoni, nusu ya mwongozo huu unaijua tayari. Bado kuihamishia kwenye vidole.

Gitaa lenyewe

Gitaa lolote linaloshika tyuni (nyuzi kubaki kwenye sauti zake) linafaa, hata lile la kanisani linalolala kwenye kabati la kwaya. Likague mambo mawili. Kwanza, bonyeza uzi wa sita, ule mnene kuliko wote, kwenye freti ya 12 (freti ni nafasi kati ya vyuma vya shingoni) upige, kisha uguse uzi huo huo juu kabisa ya chuma cha freti hiyo bila kuubonyeza, upige tena. Sauti mbili zinatakiwa ziwe sawa. Zikipishana sana, gitaa hilo litayapotosha masikio yako kila unapopanda shingo. Pili, aina ya nyuzi. Gitaa lililotengenezwa kwa nyuzi za nailoni usilifunge nyuzi za chuma. Chuma kinavuta kwa nguvu zaidi, na matokeo yake ni daraja (kipande kinachoshikilia nyuzi mwilini mwa gitaa) kung'oka au shingo kupinda.

Tyuni ya kawaida, kuanzia uzi mnene, ni E, A, D, G, B, E. Tumia programu ya simu, hakuna ubaya, lakini zoea pia kuhakiki kwa sikio: freti ya 5 ya kila uzi inatoa sauti ya uzi unaofuata chini yake, isipokuwa uzi wa tatu, ambao unabonyeza freti ya 4 kupata sauti ya uzi wa pili.

Baridi yetu nayo ina mambo yake. Asubuhi ya Juni pale Njombe au Uporoto nyuzi za chuma hujikaza na sauti hupanda. Ukiliingiza gitaa kwenye chumba chenye moto, zinalegea na sauti inashuka. Kwa hiyo litoe kwenye mfuko, liache robo saa kwenye chumba utakachopigia, ndipo utyuni. Usiliegemeze karibu na jiko la mkaa hata kama wewe mwenyewe unatetemeka, maana joto kavu hupasua mbao na kuachisha gundi. Vidole vikiwa vimeganda, shika kikombe cha chai kwanza. Vidole vya baridi havisikii amri.

Hatua ya kwanza: chagua wimbo kwa kitu unachokikosa

Kosa la kawaida ni kuchagua wimbo kwa sababu unaupenda tu. Upende, sawa, maana utausikiliza mpaka jirani achoke. Lakini jiulize: huu unanifundisha nini ambacho sina? Wimbo mmoja uwe na jambo moja jipya. Ukiwa na mapya manne kwa mpigo, utaishia kuwa na mwanzo wa wimbo wa thelathini na moja.

Kwa anayeanza, anza na tenzi au pambio unalolijua kwa moyo. Nyingi zinasimama kwenye kodi tatu, mwendo wake umetulia, na sauti zote nne unazisikia kila Jumapili. Jambo jipya hapo ni kubadili kodi kwa wakati, basi.

Ukishaweza hilo, nenda kwenye muziki wa dansi wa zamani, na usianze na chemko, ile sehemu ya mwisho ya kasi ya kucheza. Anza na nusu ya kwanza, ile ya kuimba, ambapo magitaa yanapumua. Utakuta kwa kawaida magitaa matatu na besi: rithimu (linaloshika mdundo), solo la pili (linalojaza katikati), na solo lenyewe. Hapo ndipo chuo kilipo. Msikilize Mbaraka Mwinshehe, aliyepiga na Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano kabla ya kufa kwa ajali mwaka 1979. Alikuwa mwimbaji na mpiga solo, na unasikia gitaa likimjibu mwimbaji kila anapovuta pumzi. Watu wa Iringa wana ya nyumbani, Tancut Almasi, bendi iliyowasha mji huo miaka ya 1980. Ukiwa Tunduma au Kyela utakutana pia na magitaa ya Zambia na Malawi, na kalindula, mtindo wa muziki wa Zambia, ni shule nzuri sana ya mkono wa kulia.

Kama unapiga peke yako, bila bendi, tafuta rekodi za Jean Bosco Mwenda wa Katanga, Kongo, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952. Gitaa moja, mtu mmoja, kidole gumba na cha shahada, anaimba Kiswahili, na unasikia besi na solo kwa pamoja. Si wimbo wa mwezi wa kwanza huo. Lakini ujue upo.

Hatua ya pili: sikiliza bila kushika gitaa

Hatua hii watu huiruka, na ukiiruka utakuwa unadandia gari linalotembea. Pakua wimbo kwenye simu kukiwa na bando na umeme, ili kukatika kwa kimoja kusivunje mazoezi. Chukua hedifoni, karatasi na kalamu. Sikiliza mara kadhaa, kila mara ukifuata kitu kimoja tu.

Mara ya kwanza chora ramani: mwanzo, beti, kiitikio, beti, kiitikio, chemko, mwisho. Hesabu kila sehemu ina mizunguko mingapi. Mara ya pili fuata besi peke yake. Mara ya tatu fuata rithimu. Kama rekodi ni ya stirio, toa hedifoni ya sikio moja, kisha badilisha, maana mara nyingi gitaa moja limewekwa kushoto na jingine kulia, na ghafla unalisikia lile lililokuwa limejificha. Ukikuta ni mono (masikio yote mawili yanapata sauti ile ile), kama rekodi nyingi za zamani, hila hiyo haifui dafu. Itabidi sikio lichimbe lenyewe.

Mwisho, imba kila kitu kwa mdomo. Imba besi, imba rithimu ("cha-kacha, cha-kacha"), imba solo kwa la-la-la. Usichoweza kukiimba hutaweza kukipiga, au utakipiga kwa kukariri vidole, na siku vidole vikisahau huna pa kushika.

Hatua ya tatu: tafuta kii

Wimbo ukiisha, au kwenye kiitikio pale panapotua, kuna sauti moja inayokupa raha ya kufika nyumbani. Hiyo ndiyo do, na jina lake kwenye gitaa ndilo kii ya wimbo. Ivumishe kwa mdomo, halafu itafute kwenye uzi wa sita, freti moja moja kupanda: uzi mtupu E, freti ya 1 F, ya 3 G, ya 5 A, ya 7 B, ya 8 C, ya 10 D. Zilizo katikati ni za nusu.

Ukikuta do imeangukia katikati ya freti mbili, huku gitaa lako liko sawasawa, usijitilie shaka. Nyimbo nyingi za zamani zimepita kwenye kanda na mashine zilizokuwa zikienda kasi kidogo au taratibu kidogo, na sauti yote ikahama. Lipandishe au lishushe gitaa lako lote lifuate rekodi, fanya kazi, kisha lirudishe.

Hatua ya nne: kodi, kwa kupitia besi

Hapa ndipo mwanakwaya anapowaacha wenzake mbali. Sauti ya nne, ile ya wanaume wa nyuma, mara nyingi ndiyo inayobeba mzizi wa kodi. Gitaa la besi linafanya kazi hiyo hiyo. Kwa hiyo usianze kwa kukisia kodi. Imba besi kwa solfa, na kodi itajitaja.

Tuseme do ni G. Besi ikitua do, jaribu G. Ikitua fa, jaribu C. Ikitua so, jaribu D. Ikitua la, kodi ni ya huzuni, E ndogo (Em). Ikitua re, A ndogo. Hizo tano zinabeba nyimbo nyingi sana utakazokutana nazo, na tatu za kwanza peke yake zinabeba tenzi nyingi.

Mtego upo kwenye mi. Besi ikigusa mi, mtu hukimbilia B ndogo, na wimbo unasikika umeugua. Jaribu kwanza kodi ya do, kwa sababu mi imo ndani yake, na wapiga besi wanapenda kutembea do-mi-fa wakielekea kwenye kodi ya fa. Sikio likikataa, ndipo ujaribu hiyo B ndogo. Kanuni ni moja: besi inapendekeza, sauti za waimbaji zinaamua. Kama mwimbaji ameshikilia do kwa muda mrefu, kodi ya so haiwezi kuwa sahihi hapo, kwa kuwa ndani yake mna so, ti na re tu.

Andika kodi juu ya ramani yako. Usiandike kila neno la wimbo. Andika mizunguko: G, C, G, D, mara nne, basi. Utashangaa chemko lililokuwa likikutisha ni mzunguko huo huo mmoja unaorudi na kurudi. Ufundi wote uko juu yake.

Kodi zikiwa ngumu kushika, mathalani wimbo uko E na ile B ya kufunga vidole inakutoa machozi, weka kapo (kibanio kinachobana nyuzi zote) freti ya 2 na ushike maumbo ya D, yaani D, G na A. Sauti itatoka E, A na B. Huna kapo? Kata mkanda wa tyubu chakavu ya baiskeli, laza penseli juu ya nyuzi nyuma kidogo tu ya chuma cha freti, zungusha mkanda nyuma ya shingo, uvute na kuunasa kwenye ncha ya pili ya penseli. Penseli yenye pembe sita inashika kuliko ya mviringo. Kaza mpaka kila uzi utoe sauti safi, na tyuni upya, kwa sababu mpira huvuta nyuzi zikapanda.

Hatua ya tano: mkono wa kulia

Tunapenda kusifia mkono wa kushoto, lakini msikilizaji anacheza kwa sababu ya ule wa kulia. Laza vidole vya kushoto juu ya nyuzi bila kubonyeza, ili zitoe "chk" tu, kisha piga mdundo wa wimbo mzima pamoja na rekodi. Hakuna kodi, hakuna sauti, mwendo tu. Mkono uende chini na juu bila kusimama hata pale usipogusa nyuzi. Unaosimama ndio unaopotea.

Tenzi nyingi ni nne kwa nne au tatu kwa nne, yaani unahesabu mapigo manne manne au matatu matatu. Ngoma zetu na nyimbo za kwaya zilizochota kutoka kwenye ngoma mara nyingi hutembea sita kwa nane: hesabu moja-mbili-tatu, nne-tano-sita, mguu ugonge kwenye moja na nne. Watu wengi huigeuza hiyo kuwa nne kwa nne bila kujua, na akina mama wa kwaya wanashindwa kupiga vigelegele mahali pake. Ukiona wamenyamaza, jichunguze mdundo.

Kwenye dansi, rithimu haichapi nyuzi zote sita. Inachezea nyuzi tatu za katikati au zile nyembamba za chini kwa umbo fupi linalojirudia bila kuchoka. Lipige umbo hilo kwa dakika kumi mfululizo bila kupamba. Inachosha, najua. Ndiyo tofauti kati ya mtu anayeitwa kwenye bendi na anayesifiwa tu mtaani.

Hatua ya sita: solo, sentensi kwa sentensi

Punguza kasi. Kwenye YouTube kuna mpangilio wa kasi. Weka 0.75, na panapokushinda 0.5. Sauti haishuki, ila inakwaruza kidogo. Chukua sentensi moja tu ya solo, kile kipande kati ya pumzi mbili. Kiimbe kwa solfa, kitafute kwenye nyuzi, kipige mara nyingi kwa kasi ndogo mpaka kitoke bila kosa, kisha ndipo upandishe. Ukikosea mara mbili mfululizo, umepandisha mapema.

Siri moja ya solo tamu la dansi ni kwamba mara nyingi si sauti moja, ni mbili zinazotembea pamoja, kama waimbaji wa sauti ya kwanza na ya pili. Jaribu hii kwenye kii ya G. Tumia uzi wa kwanza na wa tatu, uzi wa pili uunyamazishe au uuruke:

- uzi wa kwanza freti ya 3, wa tatu freti ya 4 (juu do, chini mi)
- wa kwanza 5, wa tatu 5 (re na fa)
- wa kwanza 7, wa tatu 7 (mi na so)
- wa kwanza 8, wa tatu 9 (fa na la)
- wa kwanza 10, wa tatu 11 (so na ti)
- wa kwanza 12, wa tatu 12 (la na do)

Panda na ushuke taratibu. Utaona vidole vina maumbo mawili tu: freti moja kwa zote mbili, au uzi wa tatu mbele kwa freti moja. Ukishayazoea, rudi kwenye ule wimbo. Sehemu uliyodhani ni uchawi itakuwa ni jozi tatu au nne kati ya hizi, zimepangwa kwa mdundo wake. Usiibe noti tu, iba na mahali alipokaa kimya. Wapigaji wakubwa wanaacha nafasi, nasi tunaokopi tunaijaza kwa pupa.

Solo la pili lifanye mwishoni, ukiwa umezijua rithimu na solo. Kazi yake ni kujaza katikati, na hutaielewa kabla ya kujua lipi liko juu na lipi liko chini.

Muda wa mazoezi

Nusu saa kila siku inashinda saa nne za Jumamosi. Ncha za vidole zitauma mwanzoni. Simama zikianza kuchubuka, usisubiri damu, na baada ya wiki chache ngozi inakomaa. Igawe nusu saa hiyo hivi: dakika chache za mdundo mkavu, nyingi kwenye kipande kimoja kinachokushinda, na za mwisho kupiga wimbo wote toka juu hadi chini hata kama unachechemea. Usimalizie kwenye kipande kinachokushinda. Utalichukia gitaa.

Hatua ya saba: jipime

Jirekodi kwa simu ukipiga na rekodi, halafu bila rekodi. Isikilize kesho yake, si hapo hapo, maana hapo hapo bado unajipenda. Sikiliza mambo mawili: je, umeharakisha kwenye kiitikio, na je, kila badiliko la kodi limeangukia kwenye mguu?

Kisha peleka kwa watu. Mazoezi ya kwaya jioni ni mahali pazuri kuliko jukwaa, kwa kuwa watasimama uanze tena. Mwombe mwalimu wa kwaya kwa adabu: "Shikamoo mwalimu, naomba nisindikize wimbo mmoja tu leo." Akikubali, atakufanyia jambo ambalo rekodi haiwezi: atahamisha kii. "Leo akina mama wamechoka, tushuke." Hapo utajua kama ulijifunza wimbo au ulikariri freti. Ndiyo maana nilisisitiza solfa. Do ikihama kutoka G kwenda F, besi bado inatua do, fa, so, na wewe unashika F, B bemoli (B iliyoshushwa nusu) na C. Zoea kuupiga kila wimbo kwenye kii tatu kabla ya kusema umeujua.

Ukifika hapo, ruhusa kuuchezea: badili mdundo, toa sentensi mbili za solo uweke zako. Zikikaa, zihifadhi. Huko ndiko tungo zako zitakakotoka.

Kuhusu haki za mwenye wimbo

Kujifunza wimbo wa mtu chumbani kwako hakuna anayekuuliza. Kuurekodi na kuuweka sokoni kwa jina lako ni jambo jingine kabisa. Tanzania ina sheria ya hakimiliki na hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ndiyo yenye kazi ya kuisimamia. Ukitaka kutoa toleo lako la wimbo wa mwingine, tafuta kibali kwanza, na umtaje mtunzi hata pale unapopiga harusini Mafinga mbele ya watu hamsini. Kuna mzee mmoja ukumbini anaujua huo wimbo tangu kanda, na atasimama kuuliza ni wa nani.